Kiti cha Pili Kisiondolewe

Mheshimiwa Mkuu wa Kikosi. Mama Mkuu, ambaye sote tunajua ndiye mkuu halisi magwanda yakishavuliwa. Waheshimiwa maafisa waandamizi mlioketi meza kuu. Mhandisi wetu na vijana wako wa mitambo. Mafundi wa karakana. Wapishi wa bwalo hili. Walinzi wa lango, mnaotukagua kila asubuhi kana kwamba ndiyo kwanza mnatuona. Wake zetu na waume zetu. Watoto mlioambiwa mkae kimya mkakubali kwa sharti la soda. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe, Rubani, uliyewekwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe kama bwana harusi na hujui mikono yako uiweke wapi: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mshereheshaji amenionyesha saa yake mara mbili kabla hata sijafungua mdomo. Nimeielewa. Lakini ndugu yangu, wewe umezoea maharusi, na maharusi wana haraka ya kuondoka. Huyu tunayemuaga leo hana haraka, na mimi nina haraka ndogo kuliko yeye.

Kwa wasionifahamu, mimi ndiye Mpiga Kamera. Si wa harusi, tafadhali, kuna mama ameshaniuliza bei hapo mlangoni. Mimi nimekaa miaka mingi kushoto kwa Rubani, katika chumba kinachoongoza ndege za kijeshi ziendazo bila mtu ndani yake. Yeye anairusha, mimi ninatazama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mpaka leo mke wangu, aliyeketi pale, alikuwa anaambiwa kwamba nafanya kazi ya vifaa. Mke wangu, samahani. Vilikuwa vifaa.

Mkuu ameniruhusu kusimulia tukio moja ambalo muda wake wa siri umepita, mradi nisitaje mahali, wala mwaka, wala jina la mtu yeyote. Amri hiyo imeniangukia vizuri, maana majina huwa yananitoroka hata bila amri. Na kabla sijaanza, niseme kwamba nina ombi. Nalisema mapema ili asiyependa maombi aanze kukunja uso taratibu, asijiumize. Naomba kile kiti cha pili kwenye chumba chetu kisiondolewe, na kisiachwe kitupu. Ombi ni hilo tu. Hayo mengine yote nitakayosema ni kulizungukazunguka.

Chumba chetu hakina dirisha. Wengi wenu mmepita mbele ya mlango wake mkadhani ni stoo ya magodoro, nasi tukawaacha mdhani hivyo. Ndani mna baridi ya kukausha midomo, kwa sababu mitambo haipendi joto, na hakuna aliyewahi kuuliza sisi tunapenda nini. Ndiyo maana mchana wa jua kali mnatuona tukitoka na masweta kama watu walioshushwa kituo kisicho chao. Mna skrini ukuta mzima, mna mngurumo usiokoma, na mna viti viwili vya kuzunguka, vilivyofungwa sakafuni bega kwa bega. Kiti cha kulia kimechanika pale Rubani anapowekea kiwiko. Cha kushoto kimebonyea katikati. Hicho ni changu, na sina la kujitetea.

Rubani alikuja kwetu akiwa rubani wa kupanda ngazi, kufunga mkanda na kwenda juu mwenyewe. Sikio lake moja ndilo lililokataa kupanda tena, madaktari wakalisikiliza sikio wasimsikilize mwenyewe, akaletwa chumbani kwetu kurusha ndege akiwa amekaa chini. Siku ya kwanza aliingia na viatu vyake vya kurukia, vimepigwa rangi mpaka vinatoa mwanga.

Nikamwambia, "Afande, humu hata ukivaa ndala ndege itaruka."

Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Wewe vaa ndala. Mimi nakwenda juu."

Na kweli akaenda. Ndege ikikata kona kulia, huku mwili wake umekaa chumbani mahali pasipotikisika hata kikombe, yeye anainamia kulia. Ikikata kushoto, anainamia kushoto, nusura anilalie begani. Nilimcheka sana. Nilimwambia iko siku ataanguka kutoka kwenye kiti na hakuna fomu ya ajali ya namna hiyo. Baada ya muda mke wangu akaniuliza kwa nini nikitazama televisheni ninapinda upande mmoja.

Walipoletwa wageni wakubwa kuja kutuona kazini, mwenyeji wao aliwaeleza kwa fahari kwamba hapa ndipo inapoendeshwa ndege isiyo na rubani. Rubani alizungusha kiti chake polepole, akawauliza, "Na mimi mnanionaje? Mto?" Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Wakacheka zaidi, na mimi nikaangalia skrini yangu, maana nilikuwa nimemwona usoni.

Na mimi je? Mimi niliyetazama milima na mito kutoka juu ya mawingu, nikipanda ngazi ya kubadilishia balbu magoti yangu yanagombana. Nyumbani balbu anabadilisha mke wangu. Mimi nashika ngazi na kutoa ushauri.

Tena kazi hii humharibu mtu kwa njia ambazo haziandikwi kwenye masharti. Ukitazama watu kwa juu siku zote, nyuso zinakutoka. Unabaki kujua kivuli, mwendo, na utosi. Shemeji yangu, yule pale anayenitazama kwa jicho la pembeni, alinikuta sokoni akanisalimu vizuri kabisa, nami nikamwitikia kama mtu anayeuza nyanya. Akakasirika, akageuka, akaenda zake. Alipofika mbali kidogo nikaona kile kivuli kinavyovuta mguu wa kushoto, nikapiga kelele mbele ya watu: "Shemeji! Shemeji yangu!" Akarudi, akaniambia, "Kumbe unanijua nikiwa naondoka tu?"

Nimelifikiria swali hilo wiki nzima hii, shemeji. Nadhani jibu ni ndiyo.

Sasa niwaeleze desturi yetu moja, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye mvi anasimama hapa kuomba kiti.

Kati yetu na ndege kuna setilaiti, na kati yetu na setilaiti kuna mambo ya anga. Wakati mwingine picha inakatika. Skrini zote zinakuwa nyeusi kwa mpigo, na kwa kuwa taa za chumba huwa tumezizima ili tuone vizuri, giza linaloingia ni la kufumbwa macho. Ndege iko huko, inazunguka peke yake ikitungoja. Sisi tuko hapa, hatujui inaona nini. Mara ya kwanza jambo hilo lilipotupata, nilisikia sauti ya Rubani gizani ikiuliza, "Upo?"

Nikasema, "Nipo."

Kwani ningekuwa wapi? Mlango umefungwa, kiti kimefungwa sakafuni. Lakini tangu siku hiyo, kila picha ilipokatika, mmoja aliuliza na mwingine akajibu, na mpaka picha irudi hatukusema neno lingine. Halimo katika mafunzo. Hakuna aliyetuagiza. Likanikaa mwilini kiasi kwamba umeme ulipokatika nyumbani niliuliza gizani, "Upo?" na mke wangu akajibu kutoka jikoni, "Niende wapi?"

Wanadamu wengi wakitoka kazini wanatoka nayo. Fundi anasimulia gari lililomtesa, mwalimu anamsema mwanafunzi wake. Sisi tukishavua sweta, tumevua na maneno. Mtoto anakuuliza, "Baba, leo umefanya nini?" Unasema, "Nimekaa." Kesho anauliza tena, unasema tena, mpaka siku inafika haulizi. Mimi angalau nilikuwa na wa kuniuliza mpaka akachoka. Rubani hata huyo hakuwa naye. Mkewe alitangulia mapema, watoto wao wako mbali na wanapiga simu sikukuu zikifika. Kila mchana alikuwa anafungua kikopo chake cha chakula, ndani mna mayai mawili ya kuchemsha, moja analisukuma upande wangu bila kusema kitu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini anachemsha mawili. Mkono ukishazoea mawili, unaweza kuuambia nini?

Basi, akaja Msaidizi.

Msaidizi ni ule mfumo mpya ambao leo asubuhi mmeuona uwanjani ukirusha ndege, ukaituliza, ukaikwepesha maputo na kuishusha chini bila mtu kugusa kitu. Mlipiga makofi. Hata mimi nilipiga. Nisije nikaeleweka vibaya: mashine ile ni hodari. Mimi natazama mahali pamoja kwa wakati mmoja, tena nikipiga chafya sitazami popote. Yeye anatazama kote, hachoki, habonyei kiti. Mhandisi wetu na vijana wake wameifanya kazi hiyo kwa akili na kwa kukonda, na aliyetaka nije hapa niwaseme vibaya atangoja sana.

Siku ninayotaka kuwasimulia, Msaidizi alikuwa katika majaribio. Alipanda na ndege yetu, akawa anatazama pamoja nasi na kutushauri, uamuzi ukibaki wetu. Tulikuwa kwenye doria ya asubuhi, juu ya nyika isiyo na nyumba, na ndege siku hiyo ilikuwa imebeba silaha, kwa sababu barabara ya chini ilikuwa na watu waliokuwa wakishambulia magari. Kamera yangu ilikuwa imeelekea barabarani. Mara Msaidizi akachora mraba mwekundu pembeni kabisa mwa skrini, juu ya kilima.

Ramani ilisema pale pana mnara wa mawasiliano uliokwisha kuzimwa, hapana mtu. Nikageuza kamera. Mtu alikuwepo. Amesimama kando ya uzio wa mnara, peke yake. Mkononi au karibu na mkono wake kitu kilikuwa kinametameta jua likikipiga. Anainua uso juu, kitu kinametameta. Anainamisha, anainua tena. Halafu akainua mkono wote, akautikisa kuelekea kwetu. Msaidizi alikuwa ametunza kumbukumbu za siku zilizopita, akatuletea zote papo hapo: asubuhi hii, asubuhi ile, kila tulipopita, mtu yule yule, kumetameta kule kule, mkono ule ule. Sisi hatukuwa tumemwona hata mara moja. Akaandika ushauri wake kwa herufi kubwa: ishara kwa adui, hatari kubwa, lengo limethibitishwa.

Sasa, ndugu wageni waalikwa, utaratibu wetu ulikuwa mmoja. Hakuna kitu kinachotoka kwenye ndege ile mpaka viti vyote viwili viseme ndiyo. Kimoja kikisema ndiyo na kingine hakijasema, hakuna kitu.

Simu ya juu ikalia. Sauti iliyokuwa kwenye simu siwezi kuitaja ni ya nani. Niseme tu kwamba mwenye sauti hiyo yumo humu ukumbini, yuko meza kuu, na sasa hivi anakunywa maji ambayo hakuyahitaji.

"Chumba, mnaona nini?"

Nikajibu ninachokiona: "Afande, naona mtu mmoja. Naona kitu kinachong'aa. Naona mkono unapungwa."

"Rubani?"

Rubani akainamia skrini.

"Rubani, nasubiri."

"Afande, na mimi nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Rubani alikuwa ameusogeza uso wake karibu na skrini hadi pumzi yake ikapiga ukungu kwenye kioo. Alikuwa hatazami kile kitu kinachong'aa wala mkono. Akaniambia, "Mpiga Kamera, nipe kidevu."

"Kidevu?"

"Kidevu chake. Tazama anavyokiinua. Anakivuta kando, sasa anakivuta kando nyingine. Tena kile king'aacho hakiko mkononi, kimetundikwa." Kisha akabonyeza simu. "Afande, mtu ananyoa ndevu."



"Ananyoa ndevu," sauti ikarudia.

"Ndiyo, afande. Kwa kioo cha kutundika kwenye waya. Nami hunyoa hivyo hivyo, tangu nibaki peke yangu. Bafuni simwoni mtu wa kuniambia nimeruka sehemu, kwa hiyo natoka nje kwenye mwanga."

"Na mkono je? Nao ananyolea angani?"

"Mkono sijaujua bado. Ndiyo maana nasubiri."

Mkuu, natoka kidogo nje ya habari ili nikupe heshima yako, maana mtu aliyekuwa kwenye ile simu angeweza kusema tusisubiri tena. Hakusema. Alitupa muda wa kuzunguka, akatuma roboti ya ardhini.

Roboti ile mnaijua, ndiyo ile ya minyororo miguuni inayotegua mabomu, ina mkono mmoja, kamera moja na kipaza sauti. Fundi wake alikuwa ndani ya gari la kivita, mbali, chini ya kilima. Nasi tukaunganishiwa sauti. Tukaiona kwa juu ikipanda polepole kama kobe aliyetumwa dukani. Yule mtu akaisikia, akageuka, povu la sabuni limejaa nusu ya uso. Nikashika mikono ya kiti changu.

Hakukimbia. Alipangusa mikono kwenye suruali. Kando yake palikuwa na viti viwili vya mbao, ambavyo hata Msaidizi hakuwa amevitia maanani. Alichukua kimoja, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakisogeza mbele ya roboti.

"Karibu," akasema. "Karibu ukae."

Fundi alikuwa na maneno aliyopangiwa, akayasema yote kupitia kipaza sauti: "Simama ulipo! Inua mikono! Taja jina lako na kazi yako!"

"Mimi mlinzi wa mnara," mtu akajibu huku mikono iko juu, povu linamdondoka kifuani. "Mmetumwa na kampuni?"

"Kampuni gani?"

"Yenye mnara."

Tukasikia fundi akiuliza watu ndani ya gari. Kampuni ilikuwa imeshafungwa zamani, wenye nayo wametawanyika, na katika kutawanyika kwao hakuna aliyekumbuka kwamba juu ya kilima wamemwacha mtu.

"Mzee," fundi akasema, sauti yake sasa imeteremka, "hiyo kampuni haipo tena."

"Haipo?" Alishusha mikono bila kuambiwa. Akatazama mnara, akatazama roboti. "Basi ninyi ndio mmekuja kunipokea zamu?"



"Maana tulikuwa wawili," yule mlinzi akaendelea, kama mtu aliyefunguliwa bomba. "Mwenzangu aliugua akafia hapa hapa. Hiki ni kiti chake. Nakitoa kila asubuhi, nakirudisha ndani jioni. Kisije kikaharibika kwa jua, atakayekuja atakalia nini?"

"Na huku kupunga mkono hewani? Unampungia nani?" fundi akauliza.

Hapo akacheka. Niliusikia mcheko wake kwa masikio haya. "Yule wa juu hakuwaambia? Kuna mmoja anapita kila asubuhi. Simwoni vizuri, lakini namsikia. Huku hapiti mtu mwingine. Kwa hiyo namsalimu. Mtu akikupitia kila siku, utaacha kumsalimu?"

Waheshimiwa, turudi chumbani kwetu. Rubani alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Halafu, bila kuniuliza wala kuuliza simu, akalipeleka bawa moja chini, akaliinua, akalipeleka la pili chini, akaliinua. Naye akainama nayo, kulia, kushoto, na viatu vyake vya kurukia miguuni. Kule chini mtu mwenye povu nusu uso akaruka kama mtoto na kupunga mikono yote miwili.

Aliambiwa aingie garini, ashushwe mjini. Akakataa. Fundi akambembeleza. Akasema, "Nikiondoka, yule wa juu atamkuta nani?"

Tangu siku hiyo tulimpitia kila asubuhi, tukamtikisia bawa. Safari mbili tatu askari wa doria walimpelekea chakula na betri za redio. Hilo ndilo tukio. Halikuandikwa popote kama ushindi, kwa sababu hakuna kilicholipuka.

Sasa nawauliza, na sijibu mimi: Msaidizi alikosea wapi? Aliona kioo, kioo kilikuwepo. Aliona mkono, mkono ulipungwa. Aliona mtu anatutazama kila asubuhi, na kweli alitutazama. Alihesabu sawasawa. Ila hajawahi kutoa kiti nje kwa ajili ya mtu asiyekuja. Hajawahi kuchemsha yai la pili. Hayo unamfundisha vipi?

Kuanzia Jumatatu, utaratibu mpya unaanza. Ndege itajirusha yenyewe. Chumbani atabaki mtu mmoja, ambaye ndiye mimi. Na 'ndiyo' mbili bado zitahitajika, nimeusoma waraka kwa makini: ya kwanza itatoka kwangu, na ya pili itatoka kwa Msaidizi. Mfumo umehesabiwa kuwa ndiye mtu wa pili. Jana mafundi walikuja na spana kupima boliti za kiti cha kulia. Waliniomba radhi, nikawaambia hawana kosa. Wakaenda kutafuta spana kubwa zaidi, maana kile kiti kimeng'ang'ania.

Mhandisi wetu, na hapa nataka mjue huyu binti ana moyo gani, alinifuata akaniambia, "Mzee, nimesikia habari ya 'upo' na 'nipo'. Naweza kuirekodi sauti ya Rubani kabla hajaondoka. Picha ikikatika, ukiuliza, mfumo ukujibu kwa sauti yake. Hutajua tofauti."

Nilimshukuru kwa dhati. Nikamwambia, "Mwanangu, usifanye hivyo."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu huo utanijibu hata kama hakuna mtu."

Halafu akaniuliza, "Sasa nikuwekee nini?"

Nikamwambia, "Niwekee mtu."

Ndilo ombi langu, Mheshimiwa Mkuu. Sisemi Msaidizi aondolewe. Mwacheni, ndiye aliyemwona yule mlinzi sisi tukiwa tumempita kama jiwe. Naomba tu kando yangu akae mtu. Awe kijana, awe binti, awe mkorofi, awe mtu wa kula vitunguu na kunipumulia. Mtu ambaye naye anaweza kuniambia, "Mimi bado." Siku ile kama kiti cha kulia kingekuwa na mashine, 'ndiyo' yake ingekuwa tayari imeshaandikwa kwa herufi kubwa, ingebaki yangu tu. Na mimi nilikuwa naona kioo na mkono. Naogopa, Mkuu. Nasema mbele ya mke wangu na watoto wa watu: ninaogopa kuwa peke yangu mle ndani siku nyingine kama ile.

Naona unatikisa kichwa. Niwie radhi, kutoka hapa siwezi kujua kama ni ndiyo au hapana. Nimezoea kuona vichwa kwa juu.

Nimebakiza neno moja kwa mwenye siku yake.

Rubani, watu wamekuuliza tangu asubuhi unakwenda wapi, na umewajibu, "Kupumzika," kwa sauti ya mtu anayepelekwa jela. Mimi nimekuona ukifunga mzigo. Nimeona shoka, nimeona redio, nimeona kioo kipya cha kunyolea na sabuni za kutosha watu wawili. Nikakuuliza, ukasema, "Kuna kiti kitupu mahali fulani. Mtu ananiwekea kila asubuhi, sijawahi kwenda kukikalia." Hukunikataza kusema. Hukuniruhusu pia, lakini sasa nimeshasema.

Wenzako wanastaafu na kwenda kwa jamaa zao. Wewe unakwenda kumpokea mtu zamu yake.

Nami nitapita. Mhandisi ameniambia kwamba hata Msaidizi akirusha, kitufe cha kutikisa bawa kipo. Nikamwuliza kiko wapi, akanionyesha, na hilo, Mkuu, siombi ruhusa, natoa taarifa. Asubuhi moja, ukishafika, nitageuza kamera juu ya kile kilima. Nitaona mnara, uzio, na viti viwili nje, na kwenye viti vivuli viwili. Sura zenu sitaziona. Lakini nitatikisa bawa, na kivuli kimoja kitainama kulia, halafu kushoto, na hapo sitakuwa na haja ya kuuliza kama upo.

Mheshimiwa Mkuu, waheshimiwa, jamaa na wageni wote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu na kunivumilia hadi soda zimeisha gesi. Mshereheshaji, saa yako naiona.

Rubani, sogea kidogo hapo. Nakuja kukaa.